Mwano Ulipopigwa Siku ya Wakili

Asubuhi ile Mabula alioga mapema, akavaa shati lake la kanisani. Alikuwa na miadi na wakili mjini Bariadi. Mkewe, Milembe, alimtilia nakala ya hukumu kwenye mfuko wa nailoni. Mahakama ya mwanzo ilikuwa imempa jirani yao shamba lao la pamba. Walitaka kukata rufaa, na muda wa rufaa ulikuwa unakaribia kwisha.

Hakufika hata barabarani. Mwano ulipigwa, lile yowe la kuita watu. Ng'ombe wa Sayi, mwanakijiji mwenzao, wameibwa! Vijijini kwetu, mwano ukipigwa kila mwanamume hufuata nyayo za ng'ombe. Asiyekwenda hutozwa faini na kutengwa, hata moto wa kupikia hapewi. Mabula alimrudishia mkewe mfuko, akachukua upinde.

Ng'ombe walipatikana kesho yake. Mabula alikwenda mjini miguu ikiwa imevimba. Mlangoni kwa wakili alikuta tangazo: ASIYEFIKA SIKU YAKE ASIRUDI.

"Nilikungoja kutwa nzima!" Wakili Januarius alifoka. "Nimewakatalia wengine kwa ajili yako. Tafuta wakili mwingine."

Wakili mwingine yupi? Bariadi nzima alikuwa yeye peke yake. Watu wa kufungia wenzao mlango bila kuuliza wananiudhi hadi leo.

Milembe aliposikia hayo hakulia. Alipanda basi, akaenda mwenyewe.

"Mwangaluka," alisalimia akiwa amesimama.

"Mwangaluka, mayu. Karibu kiti, mama."

"Sikai. Nimekuja kugomba. Mume wangu alikuwa kwenye mwano. Wewe si Msukuma? Hujui mwano?"

"Naujua! Lakini ningejuaje umepigwa kwenu? Mimi mganga, nipige ramli? Basi lilipita kwenu asubuhi ile ile. Mngeshindwa kumtuma mtu?"

Hapo wakili alisema kweli.

Kelele zao zilifika duka la dawa la jirani. Miaka ile watu binafsi walikuwa wameanza kufungua maduka kama hayo. Mwenye duka, Domitila, zamani alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Aliingia bila hodi.

"Mnanifukuzia wateja!" alisema kwa ukali. "Januarius, wewe unamwambia mtu njoo Jumanne, basi. Mimi kliniki, mama alikuwa haondoki kabla sijamuuliza: nini kinaweza kukuzuia? Ukizuiwa, nani atamleta mtoto? Halafu nilimwambia aitaje siku kwa mdomo wake. Siku ya mnada nilimtumia salamu kwa jirani yake, asisahau."

"Na asipokuja?"

"Nilimtafuta kwanza. Kugomba baadaye. Na wewe mayu, ukizuiwa, tuma mtu siku hiyo hiyo. Kukaa kimya ni kosa lenu."

Wakili alipumua kwa nguvu. "Haya. Hukumu iko wapi?"

"Nyumbani. Nilikuja kugomba, sikuja na karatasi."

"Mayu! Ijumaa muda unakwisha! Mje Alhamisi. Mabula akizuiwa?"

"Nitakuja mimi. Nami nikizuiwa, atakuja shemeji yangu Mahona. Alhamisi."

Jumatano, siku ya mnada, wakili alimtuma muuza chumvi awakumbushe. Alhamisi alfajiri mwano ukapigwa tena. Mabula alichukua upinde. Milembe alichukua mfuko, akakimbilia basi.

Wakili alipomwona mlangoni na hukumu mkononi, aliipokea papo hapo. Aliandika rufaa, akaipeleka mahakama ya wilaya mwenyewe. Ilipokelewa siku ile ile.

Aliporudi, Milembe alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Na tangazo lako hili?"

Wakili alilibandua, akalichana. "Bado nina hasira nanyi, mayu."

"Hata mimi nina hasira nawe. Tupangie siku nyingine."

"Nini kinaweza kukuzuia?" wakili aliuliza.

Milembe akavuta kiti, akakaa.

Rufaa yao ilishinda. Msimu uliofuata, pamba ya shamba lile waliichuma wao.