Maneno ya Diwani Kwenye Sinema ya Kauboi

Walikutana sokoni, kwenye rundo la mitumba, kila mmoja ameshika mkono wa koti moja. Binti alikuwa fundi cherehani, gauni la kijani limemkaa kama amezaliwa nalo. Kijana alivaa shati jeupe, kola imepigwa pasi ikasimama.

"Hilo la kiume, dada."

"Nitalikata nipate sketi. Wewe la nini?"

"La kukuolea."

Binti akacheka, akaliachia koti. Hapo ndipo alipojiachia na yeye.

Watu walimwita kijana yule Sauti. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za kigeni papo hapo kwenye kibanda cha video, anaigiza wazee, watoto, mpaka farasi. Fundi alikuwa binti wa diwani. Kila jioni simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Baba leo kanichekesha. Anajifunza hotuba mbele ya kioo: 'Ndugu zangu, hata mimi kwangu hakuna maji.' Na tangi letu limejaa mpaka linamwagika."

"Wacha wee."

"Usimwambie mtu, laazizi."

"Mimi tena? Nimeshaizika."

Jumapili kibanda kilijaa. Filamu ilikuwa ya kauboi, ya kuchekesha: meya mwenye tumbo amemuuzia tajiri wa ng'ombe kisima cha mji, halafu anawahutubia wenye kiu. Meya akafungua mdomo, na Sauti akamtilia maneno: "Ndugu zangu, hata mimi kwangu hakuna maji. Msinione natoka kwenye kioo, wala msilione tangi langu linavyomwagika." Akaongeza na kikohozi cha diwani.

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Kisha mama mmoja akasema taratibu, "Huyo si diwani wetu?" Kicheko kikakatika.

Fundi alikuwa benchi la mbele.

Kesho yake watu walikwenda kwa diwani na ndoo, wakalikuta tangi limejaa. Hawakumgusa mzee. Walichota tu, kila mmoja akimrudishia maneno yake, naye amesimama mlangoni na fulana ya ndani. Walipoondoka akamuuliza binti yake, "Habari za kioo kazitoa nani?"

Mabinti, msidhani fundi alichukia ukweli. Sikilizeni walivyoongea yeye na Sauti.

"Watoto wanaumwa matumbo kwa maji ya mtaro, mpenzi. Nilisema uongo?"

"Hukusema. Baba kakosea, nimemwambia usoni. Lakini nilikuambia wewe, Sauti. Ungeniuliza, pengine ningekuja kusema mwenyewe."

"Walikuwa wanacheka, yakanitoka. Nitamwomba mzee radhi. Nataka kukuoa, sitanii."

Fundi akasimamisha cherehani.

"Nakupenda, mpaka sasa hivi. Ila jana mteja kanichekesha, nikashika simu nikuhadithie, nikairudisha mezani. Nitakaaje ndani na mume ninayempimia maneno?"

"Nipe muda."

"Muda ninao. Cha kukuambia ndicho sina."

Mabomba ya mtaa yalitengenezwa, na watu wanamshukuru Sauti mpaka leo. Fundi naye anachota, tena anashukuru kama wenzake. Jioni simu yake ikilia, ni mtu anaulizia nguo.