Nilimtuhumu Mkwe Wangu kwa Sumu Ndani ya Jiko Jipya

"Dada yangu, una hakika na hicho unachopakuliwa humo ndani?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo tukiwa tunaanika nguo, yeye upande wake wa ukuta na mimi wangu. Aliongea kwa sauti ya chini, kibanio kikiwa mdomoni.

Nilicheka.

Siku tatu baadaye kicheko kilikuwa kimeniishia. Nilisimama nyuma ya mlango wa jiko langu jipya, nachungulia kwenye upenyo. Kwa macho yangu haya mawili nikamwona mkwe wangu, mke wa mwanangu, anachukua sahani yake ya chakula alichopika mwenyewe... anakimwaga chote kwenye ndoo ya taka!

Hakuonja hata kijiko.

Kisha akaishika sahani yangu. Akaipangusa ukingo, akaifunika vizuri, akaita kwa upole:

"Mama, chakula tayari!"



Ngoja niwape mwanzo wake.

Mimi ni mjane, huu mwaka wa sita. Shule niliishia ya msingi, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Naishi na mwanangu wa pekee na mkewe. Mwaka huu mwanangu aliamua kunibomolea lile jiko la masizi na kunitengenezea jipya.

Jamani, lilipendeza! Meza ya kupikia iko usawa wa kiuno, mgongo wangu ukasema asante. Droo unaisukuma kidogo inamalizia yenyewe. Vigae vyeupe mpaka juu, dari nyororo kama yai.

Lakini kila kizuri na kero yake. Kabati la juu silifikii mpaka nipande kigoda. La pembeni ukilifungua mlango unagonga friji, unaingiza mkono kama mwizi. Na pale palipokuwa na dirisha sasa ni kabati, kwa hiyo hata mchana tunawasha taa.

Gesi tuliiweka kwa ajili ya chai na vitu vya haraka. Maharage yalikuwa ya jiko la mkaa, pale pale kwenye kona, juu ya kipande cha kigae. Ulikuwa msimu wa baridi, mlango wa nje tunaufunga.

Wiki ya tatu nikaanza kuumwa.

Kichwa kilikaza kama nimefungwa kamba. Kichefuchefu. Miguu ikawa mizito, kama si yangu.

Nikienda ibadani, nakuwa mzima. Nikirudi nyumbani, nikikaa na mkwe wangu jikoni kuchambua mboga... kinaanza tena!

Nikamsimulia jirani. Ndipo akaniuliza lile swali lake.

"Mwanao naye anaumwa?" akaongeza.

"Haumwi. Anarudi jioni, anakula sebuleni, mzima kabisa."

"Chungu kimoja?"

"Kimoja."

"Basi jiulize. Chungu kimoja, ila sahani yako anaipakua nani?"

Nikaanza kumchunguza yule binti. Maji nikawa nachota mwenyewe. Kijiko nalala nacho. Akicheka kwenye simu, nasema ananicheka mimi. Akinyamaza, nasema anapanga.

Na siku ile nilipomwona anamwaga chakula chake, nikasema basi. Leo nimeona.

Nikatangaza nafunga siku tatu. Watu wote niliwaambia ni maombi. Ukweli Mungu anaujua... nilikuwa naogopa kula.

Siku ya pili ya mfungo mwanangu alikuwa mapumzikoni. Mchana nikawaita wote sebuleni.

"Mwanangu, chagua. Mimi au huyu."

"Mama! Kuna nini tena?"

"Muulize mkeo anachonitilia kwenye chakula."

Mkwe wangu alikuwa ameniletea sahani ya chakula, akitumaini nitafungua mapema. Akasimama nayo pale pale.

"Mama... mimi?"

"Chakula chako unamwaga, changu unakifunika! Unadhani sioni? Uzee wangu uko miguuni, haujafika machoni!"

"Mama, mwache aongee," mwanangu akasema.

Mkwe wangu alikaa kwenye zulia, akafunua sahani ile, akaanza kula. Machozi yanadondokea humo humo, yeye anakula. Akamaliza mpaka punje ya mwisho.

"Haya. Nimekula sahani ya mama. Nikifa mtajua."

Akainuka, akaingia jikoni alikoacha maharage kwenye mkaa, akajifungia mlango.

Tukabaki mimi na mwanangu, hatuangaliani.

Ikapita kama nusu saa.

Halafu ikaja harufu ya maharage yanaungua.

"Mke wangu?" Mwanangu akaita. "We! Maharage yanaungua!"

Kimya.

Akapiga mlango bega.

Alikuwa chini! Shavu kwenye vigae, mkono umekunjika chini ya tumbo, povu jembamba mdomoni...

"Mama! Mama, amekufa! Kweli ilikuwa sumu!"

Wapendwa, nitasema jambo hili kwa sababu Mungu alikuwepo na alisikia. Moyo wangu, kabla ya kumhurumia, ulisema: *si niliwaambia?*

Mwanangu akambeba mikononi, akakimbia naye nje akipiga kelele za kuomba gari.

Mimi sikumfuata.

Mimi nilibaki jikoni. Nikaanza kuitafuta hiyo sumu! Nikafungua droo moja, nyingine. Nikanusa chumvi. Nikapanda kigoda, nikapekua kabati la juu. Nikaingiza mkono kwenye lile la pembeni, nikapapasa mpaka ukutani. Nikakosa. Nikarudia upya.

Nikasikia ile kamba inakaza kichwani.

Taa ikawa mbili. Miguu ikakataa. Nikaanguka kwa magoti katikati ya masufuria, nikataka kuita, sauti haikutoka.

Ndipo hofu ya kweli iliponiingia. Si hofu ya mkwe tena...

Maana mimi nilikuwa nimefunga! Tangu jana sijatia kitu mdomoni! Hata tone la maji!

Nani amenilisha?

Nilitambaa. Naapa nilitambaa kama mtoto mpaka mlango wa nje, nikaning'inia kwenye kitasa kikafunguka, nikaangukia kifudifudi uani. Nikavuta hewa. Nikavuta tena. Kichwa kikaanza kulegea.

Nikageuka kuliangalia jiko langu zuri. Jeupe, limefungwa kila upande, na pale kwenye kona mkaa mwekundu umetulia, hautoi hata moshi.

Mwanangu alipopata gari akanipakia na mimi, na hospitali wote wawili tuliwekewa hewa puani. Mkwe wangu alizinduka jioni. Daktari, binti mdogo tu, alituuliza swali moja:

"Mnapikia mkaa ndani, mahali pasipo na dirisha?"

Mwanangu akainamisha kichwa.

"Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa unatoa sumu," daktari akasema. "Haina rangi wala harufu. Anayekaa jikoni ndiye anayeivuta. Mngechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine."

Mkwe wangu alikuwa anasikiliza, macho juu. Kisha akamuuliza daktari taratibu:

"Kwa hiyo kile kichefuchefu... kushindwa kula mpaka namwaga chakula... si mimba?"

"Tumepima. Hakuna mimba."

Ana miaka minne kwenye ndoa, hajapata mtoto. Kumbe wiki zote zile ambazo mimi nilimwona mchawi, yeye alikuwa anajificha na furaha yake, anasubiri awe na uhakika ndipo atuambie.

Nilishindwa kumwangalia.

Siku mbili baadaye tukaruhusiwa. Mwanangu akamwita fundi aje atoboe ukuta. Fundi alipoingia tu jikoni, mwanangu akamvaa:

"Nilikuambia uache matundu ya hewa manne juu ya kabati! Yako wapi? Umetaka kuniulia familia!"

Fundi akatua mfuko wake wa zana. Mtu mzima, mpole. Akanitazama mimi.

"Mama, niseme mimi au useme wewe?"

"Niseme nini?"

"Matundu niliyaacha. Siku kijana hayupo ukaniita, ukasema vumbi linaingia, vigae vinachafuka, niyazibe. Nikakuuliza mara mbili. Ukasema, jiko ni la nani?"

Ndugu zangu... nilikumbuka. Yote. Hata nguo niliyokuwa nimevaa.

Aliyekuwa anatumaliza kwa sumu nyumba ile ni mimi, kwa mdomo wangu.

Basi shikeni haya kwangu. Ukitengeneza jiko, usiibe dirisha ukaweka kabati. Matundu ya hewa yaache, vumbi linafutika. Mkaa uwashe nje. Na ukiumwa, nenda ukapimwe kabla hujamtaja mwenzako kwa jina, maana jina ukishalitaja halirudi.

Nilidhani somo limeishia hapo. Nikageuka, nikamkuta mkwe wangu amesimama mlangoni, mkoba wa nguo begani. Alikuwa amesikia kila kitu.

Nikapiga magoti. Mimi, mama mkwe, kwenye vigae vile vile.

"Mwanangu, nisamehe. Kwa ajili ya Mungu."

"Inuka, mama. Utaumia magoti." Sauti yake haikuwa na hasira. "Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Mume wangu ameniambia siku ile aliponibeba, wewe ulibaki jikoni."

"Nilibaki."

"Mimi niko kwenye hali ile... ulibaki unatafuta nini?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema nilibaki kuzima moto.

"Sumu," nikajibu. "Nilikuwa natafuta sumu yako."

Akaupandisha mkoba vizuri begani, akampita mumewe, akampita fundi, akatoka, akashika njia ya kwao.