Mtoto wa Kwenye Bango

"Dereva, hebu punguza mwendo," mama mkwe wangu mtarajiwa alisema, kisha akanigusa goti. "Mwanangu, mtazame yule mtoto wa kwenye bango. Kila nikipita hapa machozi yananilengalenga."

Tulikuwa ndani ya teksi, tunatoka kupima gauni la harusi. Niliinua macho huku bado nacheka jambo alilokuwa amelisema. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Bango lilifunika ubavu mzima wa jengo la ghorofa nne. Mtoto wa kike wa miaka saba, mguu mmoja umefungwa vyuma, anatabasamu na pengo la jino la mbele. Maandishi yalisema: HANA BABA. HANA MAMA. ANA SISI. Chini yake nembo ya kampuni ya sabuni, na pembeni jina la kituo cha watoto ninakofanya kazi.

"Limewekwa lini?" niliuliza.

"Juzi. Kijana wangu ndiye aliyempiga picha. Ameniambia wazazi wake wote walishafariki."

"Mama, yule mtoto ni wangu."

"Najua unawapenda wale watoto wa kituoni."

"Wangu wa kumzaa. Baba yake tuliachana, lakini yuko hai, anampigia simu kila Jumapili. Na miguu yake ni mizima yote miwili."

Dereva alizima redio.

"Kijana wangu aliniambia hujawahi kuzaa," mama alisema taratibu.

Mimi ni fundi. Natengeneza vyuma na mikanda ya kunyoosha miguu ya watoto. Miaka miwili iliyopita kampuni ya sabuni ilimtuma meneja wake wa mahusiano kituoni, kuangalia kama inaweza kushirikiana nasi. Nilimpenda siku ileile, alipopiga magoti sakafuni na suruali yake ya bei ghali kumfunga mtoto mkanda. Tangu hapo amekula kwangu, amemsaidia binti yangu hesabu, na ndiye aliyembandika jina la Kapengo jino lilipong'oka.

Mwezi uliopita Kapengo alitoka shule akapitia karakana yangu, akaanza kujaribu vyuma vya wenzake kwa kucheza. Meneja alikuwepo. Akampiga picha. "Ya kumbukumbu," alisema.

Nikamwandikia ujumbe: "Uko wapi?"

Akajibu palepale: "Ofisini mpenzi. Naandaa hafla ya kesho ya kutia saini mkataba na kituo chenu. Gauni limekukaa?"

Nilimwonyesha mama ule ujumbe. Mama ndiye aliyemwambia dereva ageuze gari.

Tulimkuta amesimama juu ya kiti, ananyoosha kitambaa ukutani. Alipotuona wote wawili akashuka polepole.

"Kulikoni?"

"Mtoto wangu amefiwa lini na mama yake?" nilimuuliza.

"Fundi, punguza sauti. Mkurugenzi yuko chumba cha pili."

"Vizuri, naye asikie. Jana Kapengo aliniuliza kama yatima ni tusi. Nikadhani ni utani wa watoto wenzake. Kumbe ni wewe umemwua mama yake ukambandika ghorofani."

"Ni tangazo tu. Picha za watoto wa kituoni hazikuvutia. Wengine wanalia, wengine wanaficha nyuso. Nilihitaji uso mmoja, la sivyo kampuni isingekubali. Watoto mia mbili watapata vyuma, Fundi. Ulitaka nifanyeje?"

"Hao mia mbili nawajua mmoja mmoja, miguu yao nimeipima kwa mikono hii. Usijifiche nyuma yao. Na mama yako? Kwa nini ulimwambia sina mtoto? Hilo nalo lilikuwa tangazo?"

Akamtupia mama yake jicho.

"Nilikuwa nasubiri muda mzuri. Nilijua mama asingekubali mwanamke aliyezaa."

Mama aliweka mkoba wake juu ya meza.

"Usinisingizie," alisema. "Dada yako mkubwa nilimzaa kabla, nikaingia naye kwa baba yako akiwa mgongoni. Unalijua hilo tangu utotoni, na baba yako hakumficha kwa mtu hata siku moja. Aibu hiyo ni yako mwenyewe, usinivike mimi."

Mlango wa pili ulifunguliwa. Mkurugenzi wa kampuni, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alikuwa amesikia ya kutosha.

"Meneja, fomu ya ridhaa ya mzazi uliyoniletea, nani aliisaini?"

"Si mimi," nilisema.

"Bango lishuke leo. Na kesho hatusaini kitu."

Hapo ndipo nilipotambua nilichokifanya. Nilikuwa nimemtetea mtoto wangu, na wale mia mbili nimewakosesha vyuma. Meneja akaliona hilo usoni mwangu.

"Umeridhika sasa?" alinong'ona.

Nilivua pete nikaiweka juu ya kile kiti.

"Kitu kimoja tu nataka kwako. Njoo umweleze Kapengo mwenyewe."

Mkataba ulisainiwa baada ya miezi miwili, bila picha ya mtoto yeyote. Miezi hiyo ilikuwa michungu. Nilishona mikanda ya zamani upya, na wenzangu wawili kituoni walikuwa hawaniitikii salamu. Sikuwalaumu.

Meneja alikuja Jumamosi ya kwanza baada ya bango kushuka, mchana, na doli kubwa lililofungwa karatasi ya kung'aa. Kapengo alimfungulia. Nilisimama nyuma yake.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Kwako na kwa mama."

Kapengo hakugusa zawadi.

"Anko, ulipoandika sina mama, mama alikuwa ndani anakupikia?"

Meneja akalishusha doli sakafuni. Akanitazama mimi, kama vile nimsaidie kujibu.

"Anakuuliza wewe," nilimwambia.

Aliinamisha kichwa. Kapengo akasubiri, akasubiri, kisha akarudi ndani kumalizia hesabu zake. Mimi nikafunga mlango.