Majibu Mawili ya Zuweina

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Zuweina alitia nguo zake na za mdogo wake Hamdan ndani ya mkoba mmoja. Kisha alimwosha Hamdan uso, akampaka mafuta miguuni, wakakaa barazani kumsubiri baba yao. Haukupita muda, vespa ya kijani ilisikika ikikata kona, na Hamdan akawa wa mwanzo kuruka.

Ndivyo walivyoishi tangu wazazi wao waachane. Siku za skuli walikuwa Kiuyu kwa mama yao, Bi Kazija, aliyekuwa akilima mwani pwani huku bibi yao akiwaangalia. Mwisho wa wiki walikuwa Gando kwa baba yao, Masoud, ambaye alikuwa fundi seremala. Wazee wa pande mbili walikubaliana hivyo wenyewe, na mambo yalikwenda. Zuweina alikuwa na miaka kumi na miwili. Hamdan alikuwa na mitano, na kwake yeye lolote alilosema dada yake lilikuwa kweli.

Jumapili moja walirudi Kiuyu wakiwa wamefurahi. Baba yao alikuwa amewapikia pweza wa nazi, na walicheka mpaka Hamdan akapaliwa. Lakini walipofika nyumbani walimkuta mama yao amekaa peke yake mlangoni, shavu kiganjani. Tangu talaka alikuwa amekonda.

"Mmekula nini huko?" aliuliza.

Zuweina alimtazama usoni. Aliona kama akisema kuwa walikula vizuri na wakacheka, itakuwa kama kumwambia mama yake kwamba hawamhitaji.

"Wali mkavu tu," alijibu. "Baba alikuwa na kazi nyingi. Hakutushughulikia."

Bi Kazija alisonya, lakini uso wake ulilegea. Alimvuta Zuweina akamkumbatia. "Maskini mwanangu. Hapa ndipo kwenu."

Kule Gando nako maswali yalikuwepo. Baba yake alikuwa akipiga randa ubao wa mlango siku alipouliza, bila ya kuinua macho, "Na kwa mama yenu mnaishije?"

"Mama kutwa yuko pwani," alisema Zuweina. "Mimi napenda hapa zaidi, baba."

Masoud aliweka randa chini. Zuweina hakuwa amemwona akitabasamu namna ile kwa miezi mingi. "Basi iko siku utakaa hapa moja kwa moja, inshallah," alisema.

Hivyo Zuweina akawa na majibu mawili, moja la Kiuyu na moja la Gando. Hakuyaona kuwa ni uongo. Aliona anawapoza wazazi wake tu, na kila mmoja alionekana kupoa.

Baadaye likatokea jambo la Hamdan. Jumamosi moja alikuwa akimfukuza kuku, akajikwaa kwenye rundo la mbao, akaumia juu ya jicho. Baba yake alimnyanyua, akamkanda kwa maji baridi, akampakata mpaka akanyamaza. Jioni ya pili yake, walipofika Kiuyu, Hamdan alianza kumsimulia mama yake mambo ya Gando: kuku, juisi ya ukwaju, na jinsi baba alivyomweka mabegani. Alisimulia kwa furaha, na kadiri alivyosimulia, mama yake alizidi kugeuza uso. Zuweina alimwona akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Na hapa juu ya jicho umefanya nini?" mama aliuliza kwa sauti nzito.

Hamdan hakupata nafasi ya kujibu. "Baba kampiga," alisema Zuweina haraka. "Alichezea misumari, baba akampiga."

"Hakunipiga!" alisema Hamdan.

"Wewe ulikuwa unalia, hukuona."

Hamdan alimtazama dada yake kwa mshangao. Mama yake alimuuliza tena usiku huo, akamuuliza na kesho yake, na majirani nao wakamuuliza. Mwisho Hamdan mwenyewe akawa anasema, "Baba kanipiga na ubao." Alisema hivyo akiwa ameamini.

Ijumaa iliyofuata vespa ilifika, lakini mkoba haukuwa tayari. Bi Kazija alisimama mlangoni.

"Watoto hawaji," alisema. "Nimekupa watoto wazima, unanirudishia wana majeraha."

"Majeraha gani? Mtoto alianguka!"

"Mwenyewe kasema umempiga."

"Hamdan!" aliita Masoud. "Njoo, baba. Njoo umwambie mama."

Hamdan alikimbilia ndani akajificha nyuma ya pazia. Zuweina alikuwa dirishani. Macho yake na ya baba yake yakakutana.

"Zuweina, wewe ulikuwepo," alisema Masoud. "Sema, mwanangu."

Zuweina aliinamisha macho. Aliangalia sakafu, akaendelea kuiangalia mpaka aliposikia vespa ikiwashwa na kuondoka.

Masoud hakuja tena kwa muda mrefu. Sikukuu ya Idi alimpa jirani nguo mpya awafikishie wanawe. Gauni la Zuweina lilimkaa vizuri. Hamdan alipoonyeshwa kanzu yake, alirudi nyuma. "Siitaki. Ya baba," alisema. Siku hiyo watoto wenziwe walipita nyumba kwa nyumba kuomba mkono wa Idi, vijisenti vya sikukuu, naye alivaa kanzu ya mwaka jana iliyomfika magotini. Zuweina alimshika mkono, lakini hakuweza kumtazama.

Kisha ikaja barua ya wito. Masoud alikuwa ameshitaki kwa kadhi. Alitaka watoto wote wawili wahamie kwake. Bi Kazija naye alisema ataomba Masoud asiwachukue kabisa.

Siku ya kesi walikaa kwenye benchi moja ndefu, mama ncha hii, baba ncha ile, watoto katikati. Kadhi alikuwa mzee mpole aitwaye Shehe Msellem. Aliwasikiliza bila ya kuwakatiza.

"Shehe, mimi simtakii mama yao shari," alisema Masoud. "Lakini Zuweina mwenyewe kaniambia hataki kukaa Kiuyu. Kutwa wako peke yao."

"Muongo!" alisema Bi Kazija. "Shehe, mwanangu kaniambia mimi kuwa kwa baba yake hawali wakashiba. Na mdogo wake anapigwa."

Shehe Msellem alivua miwani. "Mtoto ni mmoja, na majibu ni mawili," alisema taratibu. "Bi Nadhira, mchukue mtoto mkazungumze."

Bi Nadhira alikuwa mwanamke wa ustawi wa jamii. Alimpeleka Zuweina kwenye chumba cha pili, akampa maji, akakaa naye upande mmoja wa meza.

"Sikuulizi unampenda nani zaidi," alisema. "Nakuuliza kilichotokea."

Zuweina alikuwa amejitayarisha kwa maswali yote isipokuwa hilo. Alijaribu kusema, akalia. Bi Nadhira hakumharakisha. Zuweina alipotulia alieleza yote: pweza wa nazi, wali mkavu, kuku, rundo la mbao.

"Kwa nini ulisema hivyo, mwanangu?"

"Nilidhani mama akisikia kuwa kwa baba ni kuzuri, atazidi kuhuzunika. Na baba vivyo hivyo."

"Na wewe mwenyewe ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka tukae sote. Kama zamani."

"Hilo haliko mikononi mwako, Zuweina. Wala si kosa lako kwamba limeondoka. Katika yanayowezekana, unataka lipi?"

Zuweina alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Nataka kukaa kwa mama. Skuli yangu iko huko na Hamdan bado mdogo. Lakini Ijumaa nataka kwenda kwa baba. Nisipokwenda, naona kama wiki haijaisha."

"Naweza kumwambia Shehe mimi, au unaweza kusema mwenyewe."

"Nitasema mwenyewe," alisema Zuweina, akainuka.

Alisema akiwa amesimama katikati ya wazazi wake. Aliposema kuwa baba yake hakumpiga Hamdan, Bi Kazija alijifunika uso kwa mtandio. Aliposema kuwa mama yake hakuwahi kuwaacha na njaa, na kwamba kila alipokwenda pwani waliangaliwa na bibi yao, Masoud aliinamisha kichwa.

"Nimewazuilia watoto baba yao," alisema Bi Kazija kwa sauti ndogo.

"Na mimi nimekutangaza mbele ya watu kuwa hujui kulea," alisema Masoud. "Unisamehe."

Shehe Msellem aliamua watoto wakae kwa mama yao siku za skuli, na wawe kwa baba yao mwisho wa wiki na nusu ya likizo. Kisha aliwageukia wazazi. "Mmeachana nyinyi, hawakuachwa watoto. Kila mmoja wenu alimtuma mtoto huyu amletee habari za mwenziwe, na yeye akaleta zile alizoona mnazitaka. Msimuulize tena."

Walipotoka nje, Masoud alichutama, akafungua mikono. "Hamdan, njoo."

Hamdan aliuficha uso kwenye gauni la dada yake. "Atanipiga."

"Hakukupiga," alisema Zuweina. "Ulianguka mwenyewe kwenye mbao. Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia," alisema Hamdan.

Masoud alibaki amechutama kitambo, mikono imefunguka. Kisha aliishusha.

Ijumaa iliyofuata Hamdan hakutaka kupanda vespa. Bi Kazija alimbeba mwenyewe mpaka njiani, akamwambia mbele ya Masoud, "Nenda na baba yako. Baba yako mtu mwema. Mama alikosea." Hamdan alikwenda, lakini njia nzima alimshika dada yake. Kule Gando alikula akiwa ameegemea mlango, na baba yake akinyanyua mkono hata kwa kuchukua nyundo, yeye alijikunja.

Hali ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Jumamosi moja Zuweina alishindwa kuvumilia. Alikwenda kusimama karibu na baba yake aliyekuwa akipima ubao.

"Baba, nimeshamwambia Hamdan kweli mara nyingi. Kwa nini bado anakuogopa?"

Masoud aliweka penseli sikioni. "Neno lenyewe ulilisema mara moja tu, mwanangu. Kulirekebisha tutakuwa nako kila Ijumaa, mimi na wewe, na hatujui mpaka lini. Sikwambii hivi nikuadhibu. Sisi wakubwa tulikuuliza mambo ambayo mtoto haulizwi, na hiyo dhambi yetu. Lakini lishike hili. Mtu akikuuliza unampenda nani, sema nawapenda nyote, utakuwa umemaliza. Akikuuliza kilichotokea, sema kilichotokea, hata kama atalia. Mtu akilizwa na kweli, mwisho hunyamaza. Uongo huwaliza hata wasiokuwemo."

Zuweina aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.

Wakati huo Hamdan aliingia akichechemea, mguu mmoja juu. "Dada, nitoe mwiba."

Zuweina alitaka kumwendea, kisha akajizuia. "Mwambie baba. Yeye anajua zaidi."

Hamdan alisimama. Alimtazama dada yake, akamtazama baba yake, akatazama mlango. Masoud hakusogea. Mwisho mtoto alikaa kwenye ncha ya ubao, akageuza uso upande wa pili, akanyoosha mguu.

Masoud alipiga magoti kwenye vumbi la mbao, akaushika ule mguu mdogo kwa mikono miwili. Hamdan alifumba macho kwa nguvu, lakini mguu hakuuvuta.