Bibie Yuko Juu ya Mti

Soko lilikuwa limefurika, hata pa kukanyaga hakuna, dereva wa watalii alipotokea mbele ya cherehani ya fundi. Shati lake la kaki lilikuwa limeachia kifua nje.

"Dada, nishikizie kifungo. Wageni wananingoja."

"Nikishikiza vibaya?"

"Nitarudi kesho."

"Na nikishikiza vizuri?"

"Nitarudi leo leo!"

Akarudi. Wakapendana mpaka soko zima likakosa umbea mwingine.

Balaa lilikuja kwa simu. Wakiwa katikati ya "mpenzi" na "mahabuba", redio ya gari ikakoroma, sauti ya dereva mwenzake: "Bosi, Bibie ameamka. Yuko pale pale pa jana!"

"Mpenzi, nitakupigia," akasema, akakata.

Pale pale pa jana! Wivu ukampanda fundi hadi akashona mkono wa gauni la mteja mahali pa shingo.

Jumamosi akajipara: gauni jekundu la kubana kiuno, viatu virefu, manukato ya kuua nzi. Akamkuta dereva getini pa hifadhi anapangusa kioo, akajitupa kiti cha mbele.

"Nipeleke kwa Bibie."

Dereva akatoa macho. "Nani amekuambia habari za Bibie?"

"Kumbe ni kweli! Washa gari!"

Hifadhi yenyewe ndogo, ukipiga chafya getini kiboko anashtuka bwawani, lakini wanyama wamejaa kama watu harusini. Twiga wakanyoosha shingo kulitazama lile gauni. Fundi hakuwajali, alikuwa anatafuta mwanamke.

Redio ikakoroma: "Bibie yuko juu ya mti na watoto wake wawili."

"Na watoto mmeshazaa!"

Dereva akasimamisha gari, akamgeuza kidevu taratibu. Juu ya tawi, chui alikuwa anawalamba wanawe.

"Tukitaja chui redioni, magari yote yatajazana hapa, akimbie. Ndiyo maana tunamwita Bibie."

Aibu ilimshika fundi, lakini hakukubali kushindwa. "Na mimi mnaniitaje?"

Kabla hajajibiwa, gari la yule dereva mwenzake likatokea nyuma yao, redio ikadakia: "Bosi, huyo wa gauni jekundu ndiye shemeji? Umeshamwomba umuoe, au bado unatetemeka?"

Dereva akainama, akawa anazungusha kile kifungo.

Fundi akanyakua kipaza cha redio, akabonyeza. "Bado anatetemeka, shemeji. Ila jibu ni ndiyo. Na huyo wa mtini mtafutieni jina lingine. Bibie ni mimi!"