Tembo Aliyehukumiwa Asubuhi

Ndaki alikuwa amelala chali chini ya mgunga, buti zake zimeng'arishwa kama za gwaride, kifua kimebonyea. Miaka yote ya uaskari wake wa wanyamapori aliwahubiria madereva wa watalii: zima injini, kaa mbali, usitoke barabarani. Madereva walimwita Mchungaji wa Tembo. Asubuhi hii, kwa mara ya kwanza, Mchungaji hakuwa na mahubiri.

Inspekta Gloria Mayunga wa upelelezi, Bariadi, alivua kofia kwa heshima. Kisha akaivaa tena, maana jua la Simiyu haliheshimu msiba.

"Mbavu zimesagika," alisema daktari. "Hakuna jeraha la risasi wala la kisu. Ni tembo."

"Basi kesi imekwisha, afande," alisema Constantine, mkuu wa askari wa hifadhi ya wanyamapori ya jamii. "Ni jike mwenye ndama. Kikosi kinamfuata. Wakimwona, wanampiga risasi."

"Na ndama?"

Constantine alitazama chini. "Bado ananyonya."

Kwa hiyo hukumu moja ilikuwa na vifo viwili, na mshtakiwa hakuwa ameulizwa hata jina.

"Shahidi ni nani?"

"Mashimba, dereva wa watalii. Shemeji yake marehemu, mdogo wake mkewe. Anasema alikuwa kule kilimani na wageni, akamwona Ndaki kwa darubini, anamsogelea tembo kwa miguu."

"Ndaki? Amsogelee tembo mwenye ndama?"

"Hata mimi nimeshangaa. Lakini shemeji mtu atamsingizia maiti?"

Gloria alikuwa anatazama ardhi.

"Athanasi, mbona hapa pamefagiliwa?"

Koplo Athanasi alimeza karanga alizokuwa anatafuna. "Labda upepo, afande."

"Upepo uliotumia tawi?"

Tawi lenyewe lilikuwa limetupwa kichakani, majani yamejaa vumbi. Aliyefagia alikuwa na haraka. Alifuta vumbi, akasahau nyasi. Upande wa kushoto nyasi zililazwa na nyayo pana kama sinia. Upande wa kulia zilikuwepo nyayo ndogo, zimezunguka na kuzunguka pale pale. Katikati zilipita tairi, na tone la oili lilionyesha gari lilisimama.

Inspekta alichuchumaa. Alikulia Nyalikungu, kwenye zizi la babu yake. Picha ile aliijua.

"Waambie kikosi wasipige risasi."

"Amri imetoka juu, afande," alisema Constantine. "Wakimwona kabla hujaniletea sababu, siwezi kuwazuia."

Mashimba alikuwa amekaa getini kwenye ngazi ya gari lake, macho mekundu.

"Mwangaluka, Mashimba," Gloria alimsalimu kwa Kisukuma. "Pole na msiba."

"Mwangaluka, mayu," aliitikia, akimwita mama. "Asante."

"Ulikuwa wapi?"

"Kilimani."

"Injini?"

"Nilizima."

"Vizuri. Ndaki angefurahi."

Mashimba alifuta uso kwa mkono.

"Kwenu mna ng'ombe?"

"Afande?"

"Ng'ombe. Wale wenye pembe."

"Tunao."

"Nani alikuwa anakamua?"

"Mimi, kabla ya kazi hii."

"Ng'ombe mkorofi, asiyetaka kutulia. Unamfanyaje?"

"Si unamzuia ndama wake tu. Mama haendi popo..."

Neno lilimkwama. Athanasi aliacha kutafuna.

"Mama haendi popote," alimalizia Gloria. "Tairi zako ziko kati yao, Mashimba."

Dereva aliinamisha kichwa mpaka magotini.

"Tangu alfajiri tembo walitugeuzia mgongo," alisema. "Wageni wakaanza kununa. Nikawaambia mimi ni mtoto wa wafugaji, nitamsimamisha yule mwenye ndama. Nikaacha barabara, nikaingiza gari katikati. Akasimama, afande! Akasimama kama ng'ombe wa nyumbani. Wageni wakanipigia makofi. Wakaniita bingwa."

"Kisha?"

"Masikio yakatanuka. Ndaki akatokea doria, anapiga kelele, 'Shemeji, toa gari! Mpe mtoto wake!' Mimi nikacheka. Nikamwambia, 'Mchungaji, leo si Jumapili.'"

"Endelea."

"Tembo akaja. Alikuja kwetu, si kwake. Ndaki akavua kofia, akaipunga, akakimbilia upande wa pili huku anamwita. Tembo akageuka, akamfuata. Kwenye gari langu hakuna aliyepata hata mchubuko. Nikawarudisha kambini, nikawadanganya kwamba ameumia kidogo. Nikarudi na tawi."

"Uliogopa kunyang'anywa leseni?"

"Leseni waichukue hata leo. Ningemwambia nini Elina? Ningemwambia mumewe amekufa kwa sababu ya makofi?"

Constantine alikuwa amesikia yote. Alinyakua redio.

"Kikosi! Shusheni bunduki!"

Redio ilikwaruza.

"Tulikuwa tumeshamlenga, mkuu," sauti ilijibu. "Haya. Tumeshusha. Wanaingia kichakani, yeye na mtoto wake."

Athanasi alitabasamu. Alipomwona Mashimba, akaacha.

Nyumbani kwa Ndaki, kijijini Dutwa, msiba ulikuwa umeshajaa uani. Elina alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake. Hakusalimu.

"Wameshamuua huyo tembo?"

"Hapana, mayu," alisema Gloria. "Mdogo wako ana neno."

Alimfungua Mashimba pingu. Kanuni haziruhusu. Alimfungua.

Mashimba alipiga magoti, akasema yote: gari, makofi, kicheko, kofia iliyopungwa. Hakupunguza. Kilio kilizimika mwanamke mmoja baada ya mwingine, mpaka wakasikika mbuzi tu nyuma ya nyumba.

Elina alimtazama.

"Tangu asubuhi nimekuwa namlaani tembo," alisema. "Ilikuwa inanisaidia. Tembo ningemchukia mpaka kaburini, wala asingenidai kitu."

"Dada..."

"Wewe nitakuchukiaje, Mashimba? Mgongo huu ndio uliokubeba."

Akajifunika uso kwa kanga. Mashimba mwenyewe alinyoosha mikono kwa Inspekta, arudishiwe pingu.