Memba Asiye na Namba

Wengine walisimuliwa. Mimi niliona kwa macho haya mawili, na ningekuwa na manne, yote yangetoka. Anayebisha akabishane na ukuta.

Ni shamba la maua upande wa Usa River, kwenye banda la kufungia waridi. Kila asubuhi Meneja Stanley alikusanya simu za wafanyakazi mezani, akasoma meseji zao kama gazeti, ndipo akawarudishia. Basi Marta, mama wa Kimeru mwenye mdomo mkali kuliko miiba anayoikata, akawaambia wenzake grupu lao la wasap liandikwe Kimeru kitupu. Stanley mtu wa mbali, hata salamu ya Kimeru haijui. Humo wakapanga: Ijumaa hakuna kufunga ua, mpaka dawa ya wadudu iache kupulizwa watu wakiwa ndani.

Stanley akasafiri Tanga. Akarudi na chupa imefungwa kitambaa chekundu.

Kesho yake grupu la watu kumi na wanne likawa na kumi na tano.

"Lucky, umemwongeza nani?" Marta alimnong'oneza mwenzake wa meza moja.

"Mimi? Si wewe, dada? Mbona hana namba?"

Mchana Stanley akamsomea Marta meseji zote kwa Kiswahili safi, hata ile aliyoiandika akaifuta.

"Saa kumi uje ofisini na kitambulisho chako cha kazi. Ukirudishe."

"Futa grupu, omba msamaha," Lucky akamsihi.

"Niombe msamaha kwa kukohoa? Wanangu wanasoma kwa kazi hii. Sitoki."

Akaingia chumba cha baridi kumalizia ndoo zake. Humo, kwenye baridi ya kugandisha mate mdomoni, kukanuka nywele zilizoungua, simu ikamchoma kiunoni kama kaa la moto, waridi elfu tisa zikageuza vichwa kumtazama, na nyuma ya shingo yake kitu kikahema, kizito, taratibu, kama ng'ombe aliyelala, huku kwenye kioo cha simu yule asiye na namba anaandika, anaandika, anaandika, wala hamalizi.

Vidole vikakataa kuogopa. Akaandika:

"Shikamoo, babu."

Ile pumzi ya shingoni ikakatika. Jini wa ile chupa ya Tanga ana miaka mia tisa, kila mtu anamtuma, hakuna aliyewahi kumwamkia!

"Marahaba," simu ikajibu. "Mjukuu wangu."

"Sasa babu mzima unachungulia simu za wajukuu? Huoni haya?"

Mara spika ya uwanjani ikakoroma, ikaanza kusoma simu ya Stanley, meseji moja baada ya nyingine: "Pulizeni tu, hao watazoea kukohoa." Shamba zima likasikia. Stanley akatoka mbio na kiatu kimoja. Kile cha pili kilidondoka Usa River, yeye yuko Makumira!

Saa kumi Marta akaingia ofisini na kitambulisho chake. Hakukuwa na wa kukipokea. Jini naye akajitoa kwenye grupu, akaenda zake. Tangu hapo dawa inapulizwa watu wakishatoka.

Haya, nikiri. Moja nimetunga: jini hakuondoka. Grupu bado lina watu kumi na tano. Juzi meneja mpya kaomba simu, Marta akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Soma tu, bosi. Ila ukiingia humo, anza kumwamkia babu."